Picha Isiyokaa Sawa Ndani ya PDF: Namna ya Kutambua Kasoro na Kuirekebisha

Katibu wa chama cha msingi anayeandaa taarifa ya ghala huko Tandahimba kabla ya minada ya korosho, mchonga vinyago wa Mtwara anayepanga katalogi ya kazi zake, na kijana wa Nachingwea anayetayarisha wasifu kwa ajili ya maombi ya kazi, wote hukutana na kero ileile: picha imeingizwa kwenye PDF lakini haikai inavyotakiwa. Ama imevutika, ama ina ukungu, ama imekatwa upande, ama faili limekuwa zito kiasi cha kukataliwa na mfumo wa maombi. Kazi za namna hii hupita mikononi mwetu kila siku katika steshenari hapa Mtwara mjini, na ninachokiona ni kwamba muda mwingi haupotei kwa ugumu wa marekebisho yenyewe, bali kwa sababu mtu hurekebisha kipimo kimoja ilhali kasoro iko kwenye kipimo kingine.

Vipimo vitatu vinavyochanganywa

Neno "ukubwa" wa picha hubeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni ukubwa wa picha juu ya karatasi, unaopimwa kwa sentimita au milimita. La pili ni wingi wa pikseli, yaani vijinukta vya rangi vinavyoijenga picha. La tatu ni uzito wa faili, unaopimwa kwa KB au MB. Mteja akisema "nipunguzie picha hii ukubwa", swali la kwanza la kumuuliza ni ukubwa upi, maana kila kimoja kati ya vitatu hivyo kina dawa yake na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Inafaa kufahamu PDF inavyoihifadhi picha. Ndani ya faili, picha imewekwa kama pikseli tupu zisizo na sentimita yoyote, kisha ukurasa una agizo lake pembeni kwamba pikseli hizo zichorwe ndani ya mstatili wenye upana na kimo fulani. Mstatili huo hupimwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi 1. Ndiyo maana karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, husomeka katika baadhi ya programu kama pointi 595 kwa 842. Unapoishika picha kwa kipanya na kuiburuta hadi iwe ndogo, unachobadilisha ni mstatili peke yake. Pikseli zinabaki zote zilezile, na uzito wa faili unabaki pale pale. Wengi huburuta picha hadi inakuwa ndogo kama stempu, kisha hushangaa kwamba faili la MB 9 bado ni la MB 9.

Kabla ya kugusa chochote

Tengeneza nakala ya faili na ulipe jina jingine, kisha fanyia kazi nakala hiyo. Angalia pia kama hati ina saini ya kidijitali, yaani ile inayothibitishwa na programu, si picha ya saini ya kalamu. Hati ya namna hiyo ukiibadilisha hata kidogo, programu itaonyesha kwamba imeguswa baada ya kusainiwa, na saini itapoteza thamani yake. Mrudishie mwenyewe, arekebishe hati ya awali na kuisaini upya.

Pima ukurasa kwanza, kisha picha

Mara nyingi picha haina kosa. Kosa ni la ukurasa. Katika Adobe Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D kwa pamoja, na dirisha la sifa za hati litakuonyesha vipimo vya ukurasa. Kuna hali mbili za kutazamia.

Hali ya kwanza ni ukurasa wa saizi ya Marekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Huku kwetu karatasi ni A4, kwa hiyo hati iliyopangwa kwenye Letter ni fupi kwa milimita 18 na pana kwa milimita 6. Picha iliyowekwa chini kabisa ya ukurasa wa A4 hukatwa kichwa au miguu ikihamishiwa Letter, na mtu huanza kuhangaika na picha wakati ni mpangilio wa ukurasa unaotakiwa kubadilishwa katika hati ya awali.

Hali ya pili huonekana zaidi kwenye PDF zilizotengenezwa kwa simu. Baadhi ya programu za kugeuza picha kuwa PDF huhesabu pikseli 1 kuwa pointi 1. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 hugeuka ukurasa wenye upana wa sentimita 141 na kimo cha sentimita 106, yaani bango, si karatasi. Kwenye kioo huoni tofauti yoyote kwa sababu programu inaipunguza ili ienee, lakini ukiunganisha ukurasa huo na kurasa nyingine za A4 ndipo unakuta mmoja ni jitu na mingine ni midogo, au nembo uliyoibandika juu yake inaonekana kama punje ya mchele. Usianze kuikuza nembo. Fungua programu iliyotumika kutengeneza PDF, chagua A4 mahali pa saizi ya ukurasa, kisha tengeneza upya. Kama picha za awali hazipo tena, chapisha faili hilo kwa printa ya PDF iliyomo ndani ya kompyuta, ukichagua karatasi ya A4 na chaguo la "Fit", nawe utapata faili jipya lenye kurasa zinazolingana.

Je, ni picha kweli, au ni ukurasa mzima?

Ukibofya saini ili uikuze halafu fremu ikazunguka ukurasa wote, maandishi na mihuri pamoja, basi hati hiyo ilipitishwa kwenye skana na kila ukurasa ni picha moja. Hakuna saini ya kushika humo. Kuna rangi za saini zilizomo katikati ya rangi nyingine. Njia iliyo bora ni kuitafuta hati ya awali ya Word na kuweka saini humo. Ikikosekana, fungua ukurasa huo kwa programu ya picha kama GIMP, ambayo kabla ya kuufungua itakuuliza uingizwe kwa nukta ngapi kwa inchi. Andika 300. Ukiacha namba ndogo, maandishi yote ya ukurasa yatafifia ukijaribu kutengeneza saini tu.

Hali inayofanana na hiyo, lakini kwa upande wa pili, ni picha moja iliyokatika vipande. Programu nyingine zinapotengeneza PDF huigawa picha yenye uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma yake) au kivuli kuwa mikanda kadhaa iliyopangwa bila kuonyesha mwanya. Ukiikuza, mkanda mmoja unasogea na mingine inabaki nyuma. Chora fremu ya kipanya kuizunguka picha yote ili vipande vyote vichaguliwe, viunge viwe kundi moja, ndipo ubadilishe ukubwa.

Picha iliyovutika au kubanwa

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine, kwa sababu kasoro hii hudanganya. Fikiria kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, wale watu waliobebana kutoka chini hadi juu katika gogo moja la mpingo. Urefu wake ndio uzuri wake. Mpangaji wa katalogi akitaka picha mbili zienee mstari mmoja, akaibana picha yenye pikseli 3000 kwa 4000 ndani ya mraba wa sentimita 9 kwa 9, kinyago kinakuwa kifupi na kinene, na mnunuzi aliye mbali anaona kazi ambayo mchongaji hakuichonga. Hilo si suala la urembo wa ukurasa. Ni kumnyima mtu haki ya kazi ya mikono yake.

Kanuni ya kupata kimo sahihi ni nyepesi: zidisha upana unaoutaka kwa pikseli za kimo, kisha gawanya kwa pikseli za upana. Kwa picha ile, upana wa sentimita 9 unadai kimo cha sentimita 12. Nafasi ikiwa haitoshi, punguza pande zote mbili kwa pamoja, au kata kingo zisizo na maana, lakini usibane.

Katika LibreOffice Draw, ambayo ni ya bure na hufungua PDF, bofya picha kisha bonyeza kitufe cha F4. Dirisha la mahali na ukubwa litafunguka. Weka alama kwenye kisanduku cha kutunza uwiano, andika upana, na kimo kitajipanga chenyewe. Njia hii ya kuandika namba ni salama kuliko kuburuta. Ukilazimika kuburuta, tumia vishikizo vya kwenye pembe, si vile vya ubavuni, kwa kuwa vya ubavuni huvuta upande mmoja tu. Tahadhari moja kuhusu Draw: fonti iliyotumika kwenye hati ikiwa haipo katika kompyuta yako, programu itaweka nyingine na mistari itahama. Kagua maandishi kabla ya kuhifadhi, hata kama ulichogusa ni picha peke yake.

Kwa wenye kompyuta iliyosakinishwa zana za Poppler, yaani programu ndogo za bure za kushughulikia PDF kwa amri za kuandika, kuna kipimo kisichotegemea jicho. Andika kwenye dirisha la amri:

pdfimages -list taarifa.pdf

Utapata orodha ya picha zote zilizomo, wingi wa pikseli za kila moja, na safu mbili zenye vichwa x-ppi na y-ppi, ambazo ni idadi ya pikseli kwa inchi kwa upana na kwa kimo. Namba hizo mbili zikilingana au kukaribiana sana, picha haikuvutwa. Ya kwanza ikiwa 180 na ya pili 240, kuna mtu aliibana au kuivuta, na sasa unajua ni picha ipi na kwa kiasi gani bila kubishana na mtu.

Ukiikuza picha ikatokea kukatwa kana kwamba inatazamwa kupitia dirisha dogo, uwiano hauna kosa. Ile ni fremu ya kukatia iliyobaki na ukubwa wake wa zamani. Iondoe picha hiyo kabisa na uingize nyingine kutoka kwenye faili lake la awali, ikiwa tayari imeshakatwa kwa uwiano unaoutaka. Vivyo hivyo kwa picha iliyolala ubavu: izungushe katika programu ya picha, ihifadhi, ndipo uiingize, kwa kuwa alama ya mwelekeo ambayo simu huiandika ndani ya picha haisomwi na kila programu.

Picha yenye ukungu

Picha hupata ukungu pale pikseli chache zinapotandazwa kwenye eneo kubwa. Hesabu yake ni hii: zidisha pikseli za upana kwa 2.54, kisha gawanya kwa sentimita za upana uliopo kwenye karatasi. Jibu ni pikseli kwa inchi. Kwa uchapaji mzuri lenga 300. Kwa taarifa ya kawaida ya ofisini 150 inatosha. Chini ya 100 macho huanza kulalamika. Picha ya ghala yenye pikseli 1200 ikitandazwa sentimita 16 inatoa takriban 190, nayo inafaa. Nembo yenye pikseli 400 ikitandazwa upana huohuo inatoa 63 hivi, nayo haifai hata kidogo. Nembo hiyo inaweza kuchapwa vizuri kwa upana wa sentimita 3.4 tu ukitaka 300, au sentimita 6.8 ukikubali 150.

Usiiamini kwa kuitazama kwenye kioo ikiwa imepunguzwa ili ukurasa mzima uonekane, kwani katika hali hiyo karibu kila picha huonekana safi. Kuza hadi asilimia 200 uone.

Kuongeza pikseli kwa nguvu katika programu ya picha hakurudishi maelezo yaliyopotea. Programu hukisia rangi za katikati, na maandishi ya muhuri hubaki hayasomeki. Chanzo cha upungufu huo mara nyingi ni njia ambayo picha imepitia. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ya picha, hupunguzwa pikseli na kubanwa. Word nayo, isipoelekezwa vinginevyo, huzipunguza picha wakati wa kuhifadhi hati. Ingia kwenye mipangilio yake ya juu, sehemu ya ubora wa picha, uweke alama kwenye chaguo la kutobana picha, kisha uingize picha upya. Picha zilizokwisha kupunguzwa hazirudi kwa kuweka alama hiyo tu.

Faili zito

Uzito huamuliwa na wingi wa pikseli na aina ya ubanaji. Ukurasa wa A4 uliopitishwa skana kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi kamili hizo ni kama MB 26 kabla ya kubanwa, na kwa kijivu ni theluthi ya hapo. Kwa hiyo cheti kisicho na rangi za maana kikipitishwa skana kwa kijivu, umeshapunguza mzigo kabla ya kazi nyingine yoyote. Kumbuka pia kwamba ukishusha nukta kutoka 300 hadi 150 hupunguzi nusu; pikseli hubaki robo, kwa sababu upana na kimo vimepungua vyote viwili.

Katika LibreOffice, unapohamisha hati kuwa PDF, dirisha la machaguo lina sehemu ya picha ambapo unaweza kuweka ubora wa JPEG na kikomo cha nukta kwa inchi. Ubora wa asilimia 80 na nukta 150 hutosha kwa nyaraka nyingi zinazopakiwa kwenye mifumo ya maombi. Kwa PDF iliyokwisha kutengenezwa, programu ya bure iitwayo Ghostscript hufanya kazi hiyo kwa amri moja, na katika Windows neno la kwanza huandikwa gswin64c badala ya gs:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=mpya.pdf zamani.pdf

Neno /ebook hushusha picha hadi nukta 150. Ukiweka /screen zitashuka hadi 72, na mihuri midogo itakuwa haisomeki; ukiweka /printer zitabaki 300. Ninawashauri wateja wetu watumie zana za ndani ya kompyuta kama hizi kuliko tovuti za kubana mafaili bure, kwa sababu mafaili yanayobanwa huwa ni vitambulisho vya taifa, vyeti na taarifa za benki, na kuyapakia kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua ni jambo la kufikiria mara mbili. Zaidi ya hapo, kupandisha na kushusha faili la MB 40 hula kifurushi.

Jambo jingine linalogusa usiri ni kukata kingo. Katika vihariri vingi vya PDF, kukata ukurasa au picha huficha tu sehemu iliyokatwa. Pikseli zake zimo ndani na anayepokea anaweza kuzifunua. Ukitaka namba ya kitambulisho isionekane, ikate katika programu ya picha, hifadhi picha mpya, ndipo uiingize kwenye PDF. Uzito nao utapungua.

Kwenye kioo ni sawa, kwenye karatasi si sawa

Dirisha la kuchapa lina machaguo mawili makuu. "Fit" huipunguza hati ienee ndani ya eneo ambalo printa inaweza kulifikia, na "Actual size" huichapa kwa vipimo vyake halisi. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikichapwa kwa "Fit" yenye asilimia 96, kimo chake huwa milimita 43.2, na ofisi inayopima kwa rula inaweza kuikataa.

Kwa ramani za viwanja na mashamba madhara ni makubwa zaidi. Ramani ya kiwanja iliyochorwa kwa kipimio cha 1:1000 ina maana kwamba sentimita 10 za karatasi ni mita 100 za ardhi. Ikichapwa kwa asilimia 96, mpaka wa mita 100 unakuwa na sentimita 9.6, na anayeupima kwa rula anasoma mita 96. Mita 4 zimepotea kwenye karatasi bila mtu yeyote kusogeza jiwe la mpaka, na katika maeneo yetu ambako mikorosho ya jirani hupandwa hadi ukingoni, tofauti ya namna hiyo inatosha kuanzisha ugomvi wa familia mbili. Kwa hiyo ramani yoyote ichapwe kwa "Actual size", na usiibadilishe ukubwa unapoiingiza kwenye taarifa. Ikibidi iwe ndogo ili ienee, futa maandishi ya kipimio na ubakize mstari wa kipimio uliochorwa kwenye ramani yenyewe, kwa kuwa mstari huo hupungua pamoja na ramani na hubaki kusema kweli.

Ili kujua kama printa yako inatunza vipimo, chora mstari wa sentimita 10 katika ukurasa mtupu, uhamishe kuwa PDF, uchape, kisha upime. Fanya hivyo kila printa inapobadilishwa au inapowekewa programu upya.

Pale ambapo hakuna cha kurekebisha

Zipo picha ambazo hazitengenezeki, na mteja anastahili kuambiwa hivyo mapema kabla hajalipia. Nembo yenye pikseli 120 iliyonyofolewa kwenye barua iliyopigwa picha haitakuwa nembo ya bango. Omba ya awali kwa aliyeitengeneza. Unapomwomba mtu aliye Newala, Liwale au Kilwa akutumie picha kwa WhatsApp, mwelekeze abofye alama ya kuambatisha faili, achague dokumenti badala ya picha, kisha aichague picha hiyo kutoka kwenye hifadhi ya simu yake. Ikitumwa kwa njia hiyo hufika na pikseli zake zote. Ikifika, fungua sifa zake usome wingi wa pikseli kabla ya kuiingiza kwenye hati, na ukikuta upande mrefu una pikseli 1600 au chini ya hapo ilhali simu yake hupiga picha za 4000, mwambie kwamba imetumwa kwa njia ya kawaida na airudie.